Kasi ya Filamu: Tafuta Ubovu Kabla ya Kumlaumu Opereta



Katika ukurasa huu wa ufundi tunajibu swali lililotufikia kutoka kwa mafundi wa upande wa Busiu, kwenye barabara itokayo Tororo kwenda Mbale. Baadhi yao ni wazee waliopata kufanya kazi na magari ya sinema na katika majumba ya Mbale na Jinja. Wengine ni vijana wanaotengeneza majenereta na mota. Wanauliza hivi: filamu ikienda polepole, au ikienda mbio, au ikikazika hadi kukatika, au ikimwagika sakafuni, ubovu uko katika mtambo gani? Na hasara ailipe nani?

Swali lina sehemu mbili, na sehemu zote mbili ni kazi ya chama. Anayejua mtambo wake hawezi kusingiziwa ovyo. Asiyeujua, mshahara wake hukatwa naye amenyamaza, kwa kuwa hana la kusema. Kwa hiyo tutaanza na ufundi, halafu tutamalizia na haki.

KWA NINI TUNALIZUNGUMZA LEO

Ni kweli kwamba majumba mengi ya sinema duniani yaliacha filamu ya utepe kati ya mwaka 2010 na 2015, yakahamia mitambo ya kidijitali. Hapa Uganda mambo yalibadilika mapema zaidi. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, majumba mengi yaliwapoteza wenyewe na mafundi wao, na vipuri vikawa adimu. Kuanzia miaka ya 1980 vibanda vya video vikachukua watazamaji. Jumba la Norman mjini Kampala, lililokuwa maarufu kwa sinema, likageuka kuwa kanisa.

Lakini utepe haujafa. Mwaka 2023 filamu ya Oppenheimer ilionyeshwa katika majumba machache ya ng'ambo kwa utepe wa milimita 70 wa IMAX. Nakala moja ilikuwa na urefu wa maili 11 hivi na uzito wa karibu kilo 270, nayo ilizungushwa juu ya sahani zile zile tunazozieleza hapa. Hifadhi za filamu nazo bado zinawahitaji watu wanaojua kushika utepe bila kuuharibu.

Tena kanuni ya sahani za sinema haiishii kwenye sinema. Kila mahali ambapo kitu kirefu hukunjuliwa upande mmoja na kukunjwa upande mwingine, iwe nguo katika viwanda vya Jinja, karatasi kiwandani, au waya wa umeme, matatizo ya kasi ni yale yale na njia ya kuyatafuta ni ile ile. Mfanyakazi wa mashine ya nguo akisoma hapa atauona mtambo wake.

HESABU YA KASI

Filamu ya sauti huenda kwa picha 24 kila sekunde. Katika utepe wa milimita 35, futi moja hubeba picha 16. Kwa hiyo kila dakika hupita futi 90, yaani mita 27 na nusu hivi. Rili ya kawaida ya futi 2,000 huchukua dakika 22. Katika utepe wa milimita 16, ambao ndio uliotumiwa na magari ya sinema vijijini, futi moja hubeba picha 40, nazo futi 36 hupita kwa dakika. Rili ya futi 1,600 huchukua dakika 44 na kitu.

Tunaomba kila fundi azishike namba hizi kichwani, maana ndizo mizani yake. Ukiwa na saa ya mkononi na kipande cha filamu kuukuu cha futi 90, unaweza kuipima projekta yoyote ya milimita 35 bila kifaa kingine. Kipande kikipita kwa sekunde 60, kasi ni sawa. Kikipita kwa sekunde 72, projekta inakwenda kwa picha 20, na tutaona hapa chini kwamba namba hiyo ya 20 haiji kwa bahati. Usipokuwa na futi ya kupimia, hesabu matundu: kila picha ya milimita 35 ina matundu manne kila upande, kwa hiyo matundu 64 ni futi moja.

KUTOKA RILI MBILI HADI SAHANI

Njia iliyozoeleka katika majumba ya Afrika Mashariki ilikuwa ya projekta mbili. Filamu ya saa mbili ilikuja kwa rili sita au zaidi; ile ya Kihindi ya saa tatu ilifika rili tisa hivi. Rili ya kwanza ikikaribia kwisha, alama ndogo ya duara ilitokea kwenye kona ya juu ya kulia ya picha. Opereta akaiwasha mota ya projekta ya pili. Sekunde chache baadaye alama ya pili ikatokea, naye akabadilisha. Opereta mzuri alibadilisha bila mtazamaji kujua. Kazi hiyo ilimfunga mtu chumbani, lakini ilimaanisha pia kwamba daima palikuwa na jicho la mtu kwenye mtambo.

Mjerumani Willi Burth, aliyekuwa na majumba ya sinema mwenyewe, ndiye aliyebuni sahani ambazo hazihitaji kurudisha filamu nyuma. Zilienea Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1960 na 1970. Filamu nzima huungwa ikawa utepe mmoja, ikalazwa juu ya sahani kubwa ya bati, na ikaenda toka mwanzo hadi mwisho bila kubadilishwa.

Wenye majumba walifurahi, kwani mtu mmoja sasa aliweza kuangalia projekta tatu, sita, hata zaidi. Waliokuwa wakifanya kazi hiyo walipunguzwa. Hapo ndipo panapotuhusu sisi. Wakati wa rili mbili, kasi ikiharibika opereta alikuwa hapo hapo. Wakati wa sahani, kasi ikiharibika katika chumba cha kwanza, opereta yuko chumba cha nne. Akirudi anakuta filamu imejifunga kama kamba ya mbuzi, na barua ya kuitwa ofisini inamngoja.

SAHANI HUFANYAJE KAZI

Mtambo wa kawaida una sahani tatu, moja juu ya nyingine, katika nguzo moja. Kila sahani ina upana wa zaidi ya mita moja na mota yake. Wakati wa onyesho, sahani moja hutoa filamu, moja hupokea, na ya tatu hupumzika au hubeba filamu nyingine.

Filamu haitoki nje ya mviringo; hutoka katikati. Katikati ya sahani inayotoa huwekwa kichwa chenye rola ndogo na mkono mwepesi. Filamu hupita kwenye kichwa hicho, huenda kwenye rola za nguzo, huingia katika projekta, hurudi, na kukunjwa kwenye pete iliyo katikati ya sahani inayopokea. Kwa kuwa mwanzo wa filamu ulitoka kwanza na kukunjwa kwanza, mwisho wa onyesho filamu iko tayari kuonyeshwa tena. Hakuna kuirudisha nyuma.

Sasa angalia hesabu. Filamu hupita mita 27 na nusu kwa dakika bila kubadilika, lakini sahani haiwezi kuzunguka kwa kasi moja. Tuseme pete ya katikati ina upana wa sentimita 30. Mzingo wake ni sentimita 94, kwa hiyo sahani inayopokea lazima izunguke mara 29 kwa dakika pale mwanzo. Filamu ya saa mbili ikiisha kukunjwa, mviringo unafikia upana wa kama sentimita 85, na sahani inatakiwa kuzunguka mara 10 tu kwa dakika. Sahani inayotoa nayo hupunguza mwendo, kwani tundu la katikati huzidi kupanuka kadiri filamu inavyotoka.

Nani huiambia sahani ipunguze? Ni mkono. Katika sahani inayotoa, projekta ikivuta zaidi, filamu huusukuma mkono wa kichwa upande mmoja, na mota huongezewa umeme. Filamu ikilegea, mkono hurudi, na mota hupunguziwa. Katika sahani inayopokea kuna mkono wenye rola, unaoshikiliwa na springi au uzito. Filamu ikirundikana mkono hushuka, na sahani huongeza mwendo. Filamu ikikazika mkono hupanda, na sahani hupunguza. Mkono huzungusha potenshiometa, au hukinga mwanga wa taa ndogo mbele ya jicho la umeme, au hubonyeza swichi. Basi kazi ya mkono ni kama ya mtu anayemshika ng'ombe kwa kamba: ng'ombe akienda mbele unamfuata, akisimama unasimama, kamba isikaze wala isiburute chini.

SWALI LA KWANZA: PROJEKTA AU SAHANI?

Hapa ndipo wengi hupoteza saa nzima. Yafaa ieleweke kabisa: sahani haiweki kasi ya picha. Kasi ya picha na ya sauti huwekwa na mota ya projekta na magurudumu yake yenye meno. Kazi ya sahani ni kulisha na kupokea tu.

Kwa hiyo, mtazamaji akilalamika kwamba sauti ya mwanamume imekuwa nzito kama ya pipa, au wachezaji wanatembea kama wazee, usiiguse sahani. Tafuta katika projekta na katika umeme. Lakini ikiwa picha ni nzuri na sauti ni nzuri, ila filamu inakazika kati ya nguzo na projekta, au inaning'inia hadi chini, ubovu uko kwenye sahani au njiani. Ukifanya mgawanyo huu kwanza, nusu ya kazi umekwisha imaliza.

Kuna hali moja inayochanganya. Sahani inayotoa ikikataa kuzunguka, filamu hukazika hadi inaizuia projekta, na sauti huyumba. Utaijua kwa kugusa filamu kidogo kwa kidole kabla haijaingia projekta. Ikiwa imekaza kama uzi wa zeze, mvutano unatoka nyuma.

UMEME NA JENERETA

Umeme wetu, tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa pale Jinja mwaka 1954, ni wa volti 240 na Hetsi 50. Marekani hutumia Hetsi 60. Mota nyingi za projekta hufuata Hetsi, hazifuati volti. Mota iliyotengenezwa kwa Hetsi 60 ikipewa Hetsi 50 huzunguka kwa tano ya sita ya mwendo wake. Tano ya sita ya 24 ni 20. Hiyo ndiyo siri ya sekunde 72 tuliyoitaja hapo juu. Filamu ya dakika 120 itachukua dakika 144.

Transfoma haitibu ugonjwa huo. Transfoma hushusha volti 240 hadi 110, lakini Hetsi hubaki 50. Tena mota ya Hetsi 60 ikiendeshwa kwa Hetsi 50 bila kupunguziwa volti huchemka. Dawa ni kuweka mota ya Hetsi 50, au, pale mwendo unapopitia mkanda, kubadili puli ya mota kwa puli pana zaidi, kwa kiasi cha sita kwa tano, na kuhakikisha mota haichemki.

Jenereta ina ugonjwa wake. Enzi za ukoloni, na baada ya Uhuru wa 1962, magari ya sinema yalipotandika kitambaa cheupe katika viwanja vya vijijini, umeme ulitoka katika injini ndogo ya petroli. Jenereta ya nguzo mbili lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ili itoe Hetsi 50. Ya nguzo nne, mara 1,500. Taa ya projekta ikiwashwa, injini dhaifu huzama. Ikizama kutoka 3,000 hadi 2,700, Hetsi ni 45, na mota inayofuata Hetsi itaonyesha picha 21 na nusu badala ya 24. Watazamaji husema mashine imechoka, kumbe ni kabureta chafu au gavana iliyolegea. Projekta nyingine za milimita 16 zilikuwa na mota yenye gavana yake ndani; hizo hazikusumbuliwa sana na Hetsi, lakini gavana ikichafuka, kasi huyumba hata umeme ukiwa safi.

Volti ikishuka, jambo jingine hutokea. Nguvu ya mota ya kusukuma hupungua kwa mraba wa volti. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, mota hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake. Projekta inaweza kuendelea vizuri kwa kuwa mzigo wake ni mwepesi, lakini sahani yenye filamu ya kilo 20 inashindwa kuanza. Kwa hiyo, kabla hujafungua kitu, pima volti pale pale kwenye mtambo, mota zikiwa zinazunguka. Ukipima kwenye plagi isiyo na mzigo unajidanganya.

NJIA YA KUBADILISHANA

Ukishajua kwamba ubovu ni wa sahani, usianze kufungua skrubu. Mtambo wenyewe una vipuri vya kujipimia, kwa sababu sahani ni tatu na zinafanana. Fanya hivi, hatua kwa hatua:

1. Tumia filamu kuukuu ya kutupwa. Usijaribu kamwe kwa nakala ya kazi.

2. Hamisha kichwa kile kile kwenye sahani nyingine. Ubovu ukihama pamoja na kichwa, kichwa ndicho kibovu. Ubovu ukibaki kwenye sahani ya kwanza hata ukiiwekea kichwa kingine, tafuta katika sahani hiyo, mota yake au waya zake.

3. Ifanye sahani iliyokuwa inatoa sasa ipokee. Ikipokea vizuri lakini kutoa ikashindwa, mota na raba ni nzima. Tafuta katika kichwa, soketi yake na nyaya zake. Ikishindwa katika kazi zote mbili, tafuta katika mota, raba na sakiti inayotawala mota.

4. Ikiwa sahani zote tatu zina ubovu mmoja kwa wakati mmoja, usizilaumu sahani. Tazama umeme unaoingia, fyuzi kuu, au njia ya filamu ambayo zote huitumia.

Andika matokeo ya kila hatua kabla ya kwenda ya pili. Fundi anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja, mtambo ukipona hatajua alichotibu, na ukizidi kuugua hatajua alichoharibu.

MAGONJWA NA DALILI ZAKE

Sahani huanza polepole au husimama katikati ya onyesho. Zima umeme, toa filamu, zungusha sahani kwa mkono. Ikiwa nzito au inakwaruza, beringi imekauka au imejaa vumbi. Ikiwa nyepesi, tazama mahali mota inapokutana na sahani. Katika mitambo mingine mota husukuma ukingo wa sahani kwa gurudumu la raba. Katika mingine hutumia mkanda. Raba ikizeeka huwa ngumu na kung'aa, ikateleza. Tone moja la oili kwenye ukingo linatosha kuleta shida hii. Mafundi wa mashine za kusaga unga wanaijua hadithi hiyo: mota inalia, mkanda unanuka, na jiwe halizunguki. Safisha ukingo kwa kitambaa chenye spiriti, na raba iliyong'aa ibadilishwe.

Sahani hukimbia mbio bila kujali mkono. Sogeza mkono kwa kidole, mtambo ukiwa hauna filamu. Mota isipobadili mwendo, ishara haifiki, au sehemu inayotawala mota imeungua. Mitambo mingi hutawala mota kwa triaki. Triaki ikiungua kwa kujifunga, huacha umeme wote upite, na mota hukimbia mwendo wa mwisho. Ikiungua kwa kukatika, mota hufa. Lakini kabla ya kuilaumu triaki, futa jicho la mwanga na taa yake. Vumbi la kiangazi chetu, kuanzia Desemba hadi Februari, likikaa juu ya jicho, mtambo hudhani mkono upo mahali ambapo haupo.

Sahani huenda mbio, hupunguza, huenda mbio, hupunguza. Kuyumba huku mara nyingi ni ubovu wa mkono. Ekseli yake ikinata, mkono huchelewa kusogea, kisha huruka. Springi ikiwa na nguvu nyingi au kidogo mno, matokeo ni hayo hayo. Potenshiometa iliyolika mahali pamoja hufanya sahani iruke kila mkono unapopita hapo, kama redio inayokwaruza ukizungusha kitufe cha sauti.

Filamu hukazika na kujifunga kwenye kichwa. Mtu husema sahani imechelewa, lakini mara nyingi sahani haina kosa. Filamu kavu hujaa umeme wa msuguano, na tabaka mbili au tatu hushikana na kutoka pamoja. Utaona mzunguko mzima wa filamu umeinuka na kuingia kichwani. Dawa ni kuhakikisha waya wa ardhi umefungwa vizuri kwenye nguzo, na hewa ya chumba isiwe kavu mno. Usipake filamu oili. Kiungo kilichobandikwa vibaya, gundi yake ikitoka pembeni, huleta shida ile ile.

Filamu humwagika upande wa kupokea. Tazama kama pete ya katikati imekaa imara. Ikiteleza, sahani inazunguka lakini filamu haikunjwi. Tazama kama mwanzo wa filamu ulifungwa sawasawa kwenye pete. Tazama kama kila rola ya njiani inazunguka, kwani rola moja iliyokwama huweza kuudanganya mkono. Mwishowe weka kipimo cha usawa juu ya sahani, maana nguzo iliyoinama huifanya sahani iwe nzito upande mmoja, ikaongeza na kupunguza mwendo kila mzunguko.

USALAMA KWANZA

Ndugu, sahani yenye kilo 20 za filamu haisimami kwa kuishika. Usiingize mkono kati ya sahani mbili zinazozunguka. Mikono ya shati ikunjwe, leso na tai viondolewe. Sanduku la umeme lifunguliwe na fundi wa umeme tu, swichi kuu ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Na hata hapo asubiri, kwa kuwa kepasita hushika umeme baada ya plagi kutoka. Nyumba ya taa ya zenoni isifunguliwe bila miwani, kinga ya uso na glavu. Taa hiyo ina hewa yenye mgandamizo mkubwa hata ikiwa baridi, na ikipasuka hurusha vioo.

Jihadhari pia na filamu yenyewe. Utepe wa zamani wa asetati ulikatika ukivutwa sana. Ule wa poliesta, uliotumiwa kwa nakala nyingi tangu miaka ya 1990, haukatiki. Kasi ikikosana, hupinda mikono, hung'oa rola, hata kuharibu ekseli za projekta. Kwa hiyo swichi ya kuzima mtambo wakati filamu inapokazika si pambo. Opereta akiambiwa aifunge kwa waya ili onyesho lisisimame, akatae, na aombe amri hiyo kwa maandishi.

DAFTARI LA KAZI

Sasa sehemu ya pili ya swali: nani alipe? Jibu letu ni kwamba hasara haiwezi kugawiwa kabla ubovu haujajulikana, na ubovu haujulikani kwa kelele. Hujulikana kwa maandishi.

Kila chumba cha mtambo, kiwe cha sinema au cha kiwanda, kiwe na daftari. Kila zamu iandike tarehe, saa, volti zilizopimwa mtambo ukiwa na mzigo, sahani gani ilitoa na gani ilipokea, na lolote lililoonekana si la kawaida. Raba ikianza kuteleza leo, iandikwe leo, na msimamizi atie sahihi kwamba amearifiwa. Mwezi ujao filamu ikiharibika, daftari litaonyesha kwamba mfanyakazi alisema mapema na kipuri hakikununuliwa. Pasipo daftari, neno la mfanyakazi hupimwa na neno la ofisi, na sote tunajua mizani hiyo huinamia wapi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka mipaka juu ya makato ya mshahara. Mwajiri hawezi kukata anavyotaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wanaofanya kazi kwake. Mwanachama akipewa barua ya makato, asitie sahihi kwa haraka. Achukue nakala ya kurasa za daftari na ampelekee mwakilishi wa chama mahali pa kazi siku hiyo hiyo.

Na pale mtu mmoja anapopewa mitambo mitano kuiangalia, iandikwe pia katika daftari kwamba alikuwa peke yake. Mtambo uliobuniwa ili mtu asikae karibu nao, ukiharibika asipokuwepo, si haki aliyepelekwa kwingine aulizwe kwa nini hakuwepo.

Kwa wenzetu wa Busiu, basi, jibu kwa ufupi ni hili. Sauti nzito na picha zinazojikokota: pima Hetsi, jenereta na mota ya projekta. Filamu inayokazika au kumwagika huku picha ni nzuri: pima sahani kwa njia ya kubadilishana. Sahani zote kuugua pamoja: pima volti. Na kila ulichopima, kiandike.

Maswali mengine ya ufundi yaletwe kwa mwakilishi wa tawi. Kazi njema.